"Sawa" Si Jibu: Historia ya Neno Lirudiwalo katika Viwanja vya Ndege

Mwaka jana, nilipokuwa nikimalizia ukuta wa nyuma ya nyumba yangu hapa Mbwawa, nilimpigia simu dereva wa lori aniletee mchanga. Nikamwelekeza: "Ukishaiacha lami, shika njia ya tatu kushoto." Akanijibu kwa adabu: "Sawa, mwalimu." Baada ya saa moja mchanga wangu ulikuwa umekwisha kumwagwa katika kiwanja cha mtu mwingine. Dereva alikuwa amekihesabu kichochoro kiingiacho katika shamba la mikorosho kuwa ni njia, nami katika hesabu yangu sikukitia. Tulibishana kidogo, kisha tukacheka, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa amehesabu vyema mpaka tatu. Mimi sikusema hesabu ianzie wapi, naye hakuuliza. Alisema "sawa", nami nikaridhika.

Kisa hicho nilimsimulia kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa yumo katika kundi la wafanyakazi wanaosukuma na kuvuta ndege katika uwanja wa Dar es Salaam. Hakucheka. Alisema, "Mwalimu, kazini kwetu 'sawa' si jibu. Ukiambiwa neno, unalirudisha lilivyo." Maneno hayo yalinirudisha chuo cha ualimu, tulikofundishwa kwamba mwalimu anayeuliza "Mmeelewa?" na kuitikiwa "Ndiyo!" na darasa zima hajajua lolote. Nikaanza kufuatilia historia ya kanuni hiyo ya kurudisha neno. Nimeona niwashirikishe wapenzi wa lugha, maana ndani yake kuna somo la Kiswahili kuliko nilivyotarajia.

Kwanza tuelewane juu ya mahali penyewe. Wengi tunapoiwaza hatari ya ndege huiwaza angani. Lakini ndege hutumia sehemu ya safari yake ardhini, ikitembea kwa magurudumu kutoka kwenye maegesho, ikipita katika barabara za viungio, mpaka kufika kwenye barabara ya kuruka na kutua. Nyakati nyingine haijitembezi yenyewe: husukumwa nyuma na trekta ili itoke kwenye maegesho, au huvutwa kutoka karakana. Katika barabara hizo yamo pia magari ya mafuta, ya zimamoto, ya mizigo na ya wakaguzi. Mwongozaji aliye mnarani huwaelekeza wote kwa redio, ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo. Usiku, au ukungu ukishuka, huenda asiwaone kwa macho. Hapo neno ndilo linalokuwa jicho lake.

Neno hilo lilihitaji kutungiwa sheria. Mwaka 1944, vita vikuu vya pili vikiwa bado havijaisha, mataifa yalikutana Chicago na kutia saini mkataba wa usafiri wa anga, ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lenye makao yake Montreal, Kanada. Kanuni za shirika hilo hazikatazi lugha ya nchi kutumika katika redio, lakini zinataka Kiingereza kipatikane kwa rubani anayekihitaji. Kiingereza hicho si kile cha vitabu vya riwaya. Ni lugha iliyokatwakatwa na kupimwa, kila neno likiwa na kazi moja.

Mwaka 1956 ilianza kutumika ile alfabeti ya Alfa, Bravo, Charlie, ambayo maneno yake yalichaguliwa baada ya majaribio kwa wasemaji wa lugha mbalimbali, ili herufi isipotee katika kelele. Tarakimu nazo zilipewa matamshi yake. Tatu ya Kiingereza hutamkwa "tri", kwa sababu sauti ya mwanzo ya neno hilo huwashinda wengi. Tisa huongezewa mkia ikawa "naina", isije ikachanganywa na tano. Hapa sina budi kukiri jambo. Shuleni tuliwasahihisha, pengine kwa ukali, wanafunzi waliotamka "tri". Kumbe katika redio ya ndege wao ndio wangepata alama zote!

Limo pia neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulifanya lake: "roja". Askari wetu hulisema katika redio zao, na watoto hulisema katika michezo. Asili yake ni "Roger", jina lililosimama badala ya herufi R katika alfabeti ya zamani, nayo R ilikuwa kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "nimepokea". Basi "roja" maana yake ni kwamba ujumbe wako umenifikia wote. Haimaanishi nimekubali, wala kwamba nitatenda. Sisi tumelitanua likawa ndugu wa "sawa", na kutanuka kwa namna hiyo ndiko kunakoogopwa viwanjani.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na mafunzo haya. Zilipokuwa chini ya huduma za pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya shirika hilo aina ya VC10, iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda London, ilikuwa ikikimbia kuruka kutoka Addis Ababa. Gurudumu lake la mbele likagonga kipande cha chuma kilichokuwa kimedondoka barabarani kutoka katika ndege ndogo iliyotangulia kuruka. Tairi likapasuka. Rubani akajaribu kuisimamisha ndege, lakini mfumo wa breki haukuwa umeunganishwa ipasavyo, na ndege ikaipita ncha ya barabara na kuanguka. Watu 43 walifariki dunia. Chuma kidogo cha kutosha kushikwa kwa mkono mmoja kiliangamiza chombo kilichobeba watu zaidi ya 100. Ndiyo maana hadi leo barabara ya kuruka hukaguliwa mara kwa mara, naye dereva wa gari la ukaguzi haingii wala hatoki pasipo kusema na mnara.

Miaka miwili baadaye, Septemba 1974, Nairobi iliponea chupuchupu. Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka alfajiri kuelekea uwanja wa Embakasi. Mwongozaji aliiruhusu ishuke mpaka futi 7,500 juu ya usawa wa bahari, akazitaja tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Lakini Nairobi imejengwa juu ya uwanda ulio zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ndege ilikuwa ikielekezwa chini ya ardhi yenyewe. Ilifika takriban futi 70 juu ya mbuga, chini kuliko mnazi mrefu, ndipo ikainuliwa. Hakuna aliyeumia. Mshairi anayejua kuhesabu mizani ataona mara moja: vipande vyote vilikuwa vinne, "tano" ilikuwamo, sifuri zilikuwamo. Sikio likapanga upya lilichopokea. Siku hizi urefu wa namna hiyo hutamkwa kwa maelfu na mamia.

Sasa nifike kwenye mwaka 1977. Kwetu sisi ni mwaka wa kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. East African Airways ilikuwa imesimama, na Machi 11 serikali yetu iliunda Shirika la Ndege la Tanzania. Siku 16 baadaye, tarehe 27 Machi, katika kisiwa cha Tenerife huko Visiwa vya Canary vya Uhispania, ilitokea ajali iliyoua watu wengi kuliko ajali nyingine yoyote ya ndege. Nayo ilitokea ardhini.

Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa kisiwa jirani, ndege nyingi zikaelekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos. Maegesho na viungio vikajaa hata hapakuwa na pa kupita. Wakati wa kuondoka ulipowadia, Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zililazimika kutembea juu ya barabara ileile ya kuruka. KLM ilitangulia mpaka mwisho, ikageuka, ikasubiri. Pan Am ilifuata nyuma yake, ikiwa imeagizwa itoke kwenye njia ya tatu kushoto.

Njia ya tatu! Nilipolisoma hilo nilimkumbuka dereva wangu wa mchanga. Marubani wa Pan Am waliuliza wahakikishe, mwongozaji akawahesabia: moja, mbili, tatu. Lakini ukungu ulikuwa mzito, vibao vya kutambulisha njia havikuwapo, na njia ya tatu iliingia kwa pembe iliyokuwa ngumu kwa ndege kubwa kama ile kugeukia. Wakaipita, wakaelekea ya nne.

Wakati huo KLM ilipewa maelekezo ya njia ya kufuata itakapokuwa angani. Hayakuwa ruhusa ya kuruka, lakini ndani yake mlikuwamo neno "kuruka". Rubani msaidizi aliyarudia, kisha akaongeza kwa Kiingereza maneno ambayo ukiyaleta katika Kiswahili yanaweza kuwa "sasa tupo kwenye kuruka". Ndugu msomaji wa lugha, hebu tusimame hapo. Sentensi hiyo ina maana gani? Je, "tupo mahali pa kurukia", au "tupo tayari kuruka", au "tunaruka"? Mwongozaji alielewa kwamba ndege imesimama inasubiri. Rubani mkuu alikwisha kuachia breki. Baadhi ya wataalamu wa lugha wamedokeza kwamba msemaji, ambaye lugha yake ilikuwa Kiholanzi, huenda alikitumia Kiingereza kwa muundo wa lugha ya kwao, ambamo kitendo kinachoendelea huelezwa kwa namna inayofanana na "tupo kwenye".

Mwongozaji alijibu "okei", ambayo ndiyo "sawa" ya kwao. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Katika sekunde zilezile Pan Am ikasema kwamba bado ipo barabarani. Redio ya ndege haipokei sauti mbili kwa pamoja. Zikigongana, zote mbili huharibika. Ndani ya KLM ilisikika "okei", kisha mluzi mkali. Maneno mawili ambayo kila moja peke yake lingeiokoa ndege yalizibana.

Bado ilibaki nafasi moja. Mhandisi wa KLM aliisikia Pan Am ikiahidi kwamba itatoa taarifa ikishatoka barabarani, akauliza kama ndege ile haijatoka. Rubani mkuu, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lake na mkufunzi wa marubani, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Watu wote 248 wa KLM walifariki dunia, na 335 wa Pan Am. Jumla ni 583. Waliopona ni 61.

Kutokana na msiba huo kanuni za maneno zilikazwa. Neno la Kiingereza lenye maana ya kuruka halitamkwi tena mpaka wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Kabla ya hapo husemwa "kuondoka". Ruhusa ya kuingia barabara ya kuruka, kuivuka, kurukia au kutulia, pamoja na amri ya kusimama kabla ya kuifikia, sharti irudiwe neno kwa neno na kwa jina la ndege, na mwongozaji sharti asikilize marudio hayo na kuyasahihisha yakipotoka. "Okei" wala "roja" haitoshi. Rubani msaidizi naye alianza kufundishwa kwamba kumhoji mkubwa wake ni sehemu ya kazi, wala si utovu wa adabu.

Nidhamu hiyo imeshuka mpaka kwa vijana wa trekta. Yule mwanafunzi wangu alinieleza jinsi ndege inavyosukumwa nyuma. Rubani huomba ruhusa mnarani, akiipata humwambia mtu aliye chini, ambaye amevaa visikizi vilivyounganishwa na ndege kwa waya. Mazungumzo yao, nikiyaweka katika Kiswahili, huenda hivi:

"Legeza breki."

"Breki zimelegezwa."

Ndege husukumwa, wengine wakilinda ncha za mabawa. Ikishafika mahali pake:

"Kaza breki."

"Breki zimekazwa."

Tazameni, wapenzi wa sarufi, kazi ya kiambishi "-me-" hapo. Anayejibu harudishi "sawa", wala "nitakaza", wala "nakaza". Anakirudisha kitenzi kilekile katika hali timilifu. Kati ya "-ta-" na "-me-" pana uhai wa mtu aliyeinama chini ya pua ya ndege akitenganisha trekta. Kwa muda mrefu nimewafundisha vijana viambishi vya wakati kwa mifano ya Juma kula chakula. Laiti ningalikuwa na mfano huu!

Na bado hawaliamini neno peke yake. Kabla ya kusukumwa, pini huchomekwa kwenye mguu wa mbele wa ndege ili usukani wa rubani usishindane na trekta. Kazi ikiisha, pini hiyo yenye utepe mwekundu huchomolewa, na mfanyakazi husimama kando akiiinua juu ili rubani aione kwa macho. Rubani asipoiona, ndege haitembei. Redio ikifa kabisa, mnara una taa: nyekundu isiyopepesa humwambia aliye ardhini asimame, na kijani inayopepesa humruhusu kutembea. Wahenga walisema kusikia si kuona. Viwanjani methali hiyo imetungiwa sheria.

Isidhaniwe kwamba kurudia kumemaliza hatari yote. Tarehe 8 Oktoba 2001, katika uwanja wa Linate, Milano, rubani wa ndege ndogo aliagizwa afuate njia iitwayo R5, akairudia vyema kwamba ni R5, kisha katika ukungu akaingia R6, iliyomfikisha kwenye barabara ambamo ndege ya abiria ya SAS ilikuwa ikiruka. Watu 118 walikufa. Rada ya kuangalia ardhini haikuwa ikifanya kazi, na alama za njia zilikuwa mbovu. Njiani rubani huyo alitaja alama aliyoiona chini, ambayo mwongozaji hakuijua kwa sababu haikuwamo katika ramani zake. Neno lilirudiwa, lakini halikuwa na kitu ardhini cha kukamatana nacho. Ni sawa na njia yangu ya tatu: hata dereva angeirudia mara kumi, pasipo kibao angepotea tu.

Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa ikipeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi iliambiwa kwamba ni "namba moja", na kwamba itembee mpaka mahali pa kusubiri. Rubani alielewa kwamba ameruhusiwa kuingia. "Namba moja" ilikuwa nafasi yake katika foleni, yeye akaisikia kuwa ruhusa. Ndege ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu 379 wa ndege ya abiria walitoka wote wakiwa hai, lakini watano kati ya sita wa ndege ndogo walifariki dunia. Waongozaji wa Japani wakaacha kwa muda kutaja namba za foleni. Miaka 47 baada ya Tenerife, neno moja la upole lilikuwa limepita mlango uleule.

Nimalizie nyumbani. Jioni hapa Mbwawa huziona taa za ndege zikishuka upande wa Pugu na Kisarawe kuelekea barabara ya Dar es Salaam iitwayo sifuri-tano, jina litokanalo na uelekeo wake wa takriban digrii 50 za dira. Zamani niliona taa tu. Siku hizi namwaza mtu aliye juu akilirudisha neno, na mtu aliye mnarani akilisikiliza likirudi.

Kiswahili chetu kina adabu nyingi, nayo ni fahari yetu. Kijana akiagizwa na mzee husema "sawa" au "ndiyo" hata kama hakusikia vyema, maana kuuliza mara ya pili huonekana ni kumchosha mkubwa. Nimekwisha kuliona hilo darasani, na nimeliona zahanati, mgonjwa akielezwa namna ya kumeza dawa, akaitikia, akaenda kumeza kinyume. Adabu hiyo haina budi ipewe mwenzake: mkubwa ndiye aseme, "Hebu nirudishie nilivyokwambia," na mdogo asione haya kulirudisha. Washairi wetu hawakuona kurudia kuwa ni upungufu. Kibwagizo hurudi kila ubeti ili msikilizaji asiondoke bila kiini cha shairi.

Na hilo neno "sawa" lenyewe, ambalo nimelisema vibaya tangu mwanzo wa makala haya, lilitufikia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kitu kulingana na kingine. Asili yake ni nzuri. Lakini ili tujue kwamba nilichosema na ulichosikia vinalingana, sharti viwekwe kando kwa kando vikapimwa. Juzi nimeagiza kokoto. Nilimwambia dereva, "Ukishaiacha lami, hesabu na vichochoro: njia ya nne kushoto, penye mwembe." Akasema, "Sawa, mwalimu." Nikamwambia, "Nirudishie, mwanangu." Akacheka, akarudisha. Kokoto zimefika.